Kuunganisha Michoro ya Kazi: Mkonge wa Tanga na Mkwamo Usioonekana

Mkonge ulipandwa Kikogwe, Pangani, mwaka 1893, na hadi leo singa zake hazifiki ng'ambo kwa mkono wa kampuni moja. Shamba huchakata majani kwenye korona, yaani mtambo wa kutoa singa (nyuzi), hukausha, hupiga brashi na kufunga marobota. Msafirishaji huleta lori na kontena, wakala wa forodha hushughulikia hati, ndipo shehena iingie bandarini Tanga. Kila mmoja ana utaratibu wake, na wapo wanaouchora kwenye kompyuta. Je, michoro hiyo iunganishwe?

Tuseme mchoro wa shamba unaagiza marobota yasitoke ghalani mpaka namba ya kontena ije. Wa msafirishaji unaagiza kontena lisipangwe mpaka shamba lithibitishe kuwa marobota yameshatoka. Kila mchoro ukisomwa peke yake hauna kosa. Iwekwe pamoja, utaona watu wawili wanaosubiriana hadi meli iondoke. Kosa halimo ndani ya kampuni yoyote. Limo katikati yao. Lugha ya michoro ya BPMN, ambayo toleo lake la 2.0 lilitoka mwaka 2011 na mwaka 2013 likawa kiwango cha ISO, ina alama za jambo hili: kila kampuni ina eneo lake, na mishale ya vipande vipande huonyesha ujumbe unaovuka.

Wanaokataa wana hoja nzito. Mchoro kamili hufichua nani anaidhinisha punguzo na mteja yupi hutangulizwa. Wakala anayehudumia mashamba mawili yanayoshindana atajikuta ameshika siri za yote mawili. Tena kuna ubavu: mwenye mtaji akileta mchoro wake, mwenye malori mawili hulazimika kupindua kazi yake yote kumfuata.

Mimi naunga mkono kuunganisha, ila mipakani tu. Kila kampuni ioneshe ujumbe inaopeleka, inaousubiri, na upi hutangulia. Bila huo mpangilio, orodha tupu ya hati zinazopelekwa isingefichua mkwamo ule wa kontena. Ya ndani yabaki ndani, yabadilishwe wakati wowote mradi ahadi za mpakani zitimizwe.

Na mezani aitwe karani wa ghala. Simu anayopiga alfajiri kuuliza kama lori limeshapita Muheza haimo kwenye mchoro wa mtu yeyote, na mara nyingi mzigo hutoka kwa sababu ya simu hiyo.