Sauti saba za "ough": tumpe mtoto zote mara moja ama kidogo kidogo?

Mpwa wangu yuko P4 (darasa la nne la praimari) hapa Busia upande wa Uganda, juzi jioni alikuwa anasoma homuweki ya Kiingereza kwa sauti nami niko kando, akafika kwa neno "though" akasoma "thof". Nikamwambia hapana, hiyo ni "dhou". Akasimamisha kidole palepale kwa kitabu: "Lakini mjomba, jana ticha alisema 'cough' ni kof." Na mtoto hakuwa mjinga, alifuata vile alifundishwa. Kesho yake nikamuuliza jirani yangu ambaye ni mwalimu, kumbe siku hizi shule nyingi zinatundika chati ukutani yenye "ough" na sauti zake zote, watoto wanaziimba asubuhi, na yeye anaiunga mkono kabisa. Mimi nikakataa. Tumebishana siku tatu sasa na nimeona niandike, juu hii kitu inagusa kila mzazi mwenye mtoto wa praimari.

Ukiandika hizo sauti kwa Kiswahili ndio unaona shida ilivyo. "Though" ni dhou, "through" ni thruu, "rough" ni raf (ndio ile rafu yetu ya mpira), "cough" ni kof, "bough" ni bau, "thought" ni thoot, "thorough" ni thara. Herufi nne zilezile, sauti saba. Na angalia hata mwanzo wa neno: sisi tuna dh ya dhahabu na th ya thelathini, Mwingereza zote mbili anaandika th halafu anakuachia ukisie.

Ilikuwaje? Zamani hiyo gh ilikuwa inasikika, karibu na kh yetu ya kheri, kwa hiyo "night" ilikuwa na mkwaruzo wake pale katikati. Mwaka 1476 William Caxton akaleta mashine ya kuchapa vitabu Westminster, Uingereza, maandishi yakaanza kuganda polepole, lakini midomo ya watu haikungoja, matamshi yakaendelea kubadilika miaka mingi baada ya hapo. Mahali pengine gh ikageuka f, mahali pengine ikafa kabisa. Mimi naamini mtoto wa P4 aambiwe hii hadithi, inamwondolea lile wazo kwamba yeye ndiye hajui, wakati maandishi yenyewe ndiyo yalibaki nyuma.

Sasa hoja ya jirani yangu. Anasema usimdanganye mtoto. Ukimwambia "ea" ni ii tu, utakuja kumwambia kesho ulisema uongo, na kufundua ni kugumu kuliko kufundisha. Kuna njia ya Marekani inafanya hivyo hasa, mtoto anapewa kadi 70 za herufi na makundi ya herufi, na kila kadi anajifunza sauti zake zote tangu mwanzo, "ough" peke yake ina sita. Faida yake ni kwamba mtoto akikwama ana kitu cha kujaribu, hii ikikataa anashika ile. Halafu jirani ananiambia watoto wetu wamezoea herufi zinazobadilika, mtoto wa Kampala anasikia konda akiita "Chengera, Chengera" na kwa kibao imeandikwa Kyengera, na haimsumbui. Hapo alinishika, nakubali. Hata Luganda r na l zinategemea vokali iliyotangulia, ikiwa e ama i unaandika r, na watoto wanashika hiyo kanuni bila kulia.

Lakini hiyo ya kujaribu sauti moja moja inahitaji kitu ambacho watu hawakisemi. Mtoto wa London akiona "though" anajaribu thof, thau, dhou, halafu anashtuka, ah, hiyo ya mwisho naijua! Anaijua juu ameisikia nyumbani tangu anatambaa, sikio ndilo linamwambia amefika. Mtoto wa Busia amelelewa na Kisamia, Ateso, Kiswahili, Luganda sokoni, na kwa mtaala ulioanza 2007 shule nyingi zinatakiwa zimfundishe kwa lugha ya mahali P1 hadi P3, ndipo P4 wanahamia Kiingereza. Huyu akijaribu sauti saba za "bough", neno ambalo hajawahi kusikia mtu yeyote akilitamka, atajuaje amefika? Zote saba kwake ni sawa. Atachukua ile ya jana, na ndivyo mpwa wangu alifanya, chati ina saba lakini kichwani ilibaki ya kof.

Uingereza wenyewe hawaanzi na zote. Baada ya ripoti ya Jim Rose ya 2006 kuhusu kufundisha kusoma, shule zao zilisukumwa kwa foniksi ya mpangilio, yaani kusoma kwa kuunganisha sauti za herufi, sauti moja ya kawaida kwanza, zile zingine baadaye. Na tangu 2012 watoto wa miaka mitano sita wanapewa mtihani wa kusoma maneno 40, nusu yake maneno ya uongo yasiyokuwepo, ili waone kama mtoto anasoma ama amekariri. Neno la uongo likiweza kutamkwa njia mbili, zote zinakubaliwa. Hiyo naipenda sana.

Kuna na wale wazazi wanasema achaneni na matamshi, PLE (mtihani wa mwisho wa praimari) ni ya kuandika, hakuna anayesikiliza mtoto, akariri tu spelingi. Kwa kuandika wana haki kiasi, hata mimi "Wednesday" niliishika kwa kuisoma Kiswahili, wed-nes-dei, na inasaidia. Lakini mtoto anayekariri kila neno kama picha anasoma pole pole sana, na kwenye ile pepa ya Kiingereza kuna hadithi ndefu ya kusoma kabla ujibu swali.

Kwa hiyo msimamo wangu ni sikio kwanza. Usimfundishe mtoto kusoma neno la "ough" ambalo hajalisikia mara kadhaa ndani ya sentensi. "Bough" na "thorough" zingoje. Anza na zile anaishi nazo, na uzipange kwa familia: "bought, brought, thought, fought", zote ni oot, ukiona t baada ya "ough" karibu kila mara ni hiyo. Inayokataa ni "drought" (ukame), draut, na hiyo ataikuta mapema wakisoma habari za Karamoja, basi mwonyeshe hapohapo. Halafu familia ya f, "rough, tough, enough, cough". Akifika P5 ama P6 na maneno yamejaa sikioni, hapo chati ya jirani yangu itundikwe, itamfaa.

Jirani anauliza klasi ya watoto 90 nani atawasikilizisha maneno hayo yote. Ni swali la haki na jibu langu ni dogo: hata sentensi tano kwa siku, ticha anasema klasi inarudia, kabla kitabu kifunguliwe. Shida ni kama ticha naye anatamka "though" thof, na wapo, si makosa yao, walifundishwa hivyohivyo.

Wiki hii mimi na mpwa wangu tuko kwa "ea". Nilimpeleka mlangoni pa ofisi ya shule yao tukasoma kibao, "Headteacher", hed halafu tiicha, sauti mbili kwa neno moja. Alirudia mara tatu, halafu akaanza kutafuta zingine mwenyewe, "bread" na "tea" za asubuhi. "Breakfast" alifikiria sana, akaniuliza mbona "break" ya saa nne ni breik na hii ni brek. "Heart" na "bear" bado sijamgusia.