Ganda Gumu la Alizeti: Nani Anufaike?

Mfugaji wa Nairobi anayenunua mashudu ya alizeti hulijua ganda vizuri kuliko mkulima. Mashudu yakiwa na vipande vingi vyeusi vinavyokwaruza kiganja, mwenye kuku huyarudisha gunani, kwa kuwa nyuzi nyingi hazimfai kuku, ilhali mwenye ng'ombe huyapakia bila manung'uniko. Ganda hilohilo ndilo baadhi ya watafiti wa mbegu wanataka liimarishwe ili lizuie wadudu.

Hoja yao ina mashiko. Nchini Urusi, uharibifu wa nondo Homoeosoma nebulella ulipunguzwa kwa kuchagua aina za alizeti zenye tabaka jeusi la fitomelanini, dutu ngumu inayoliimarisha ganda kwa ndani. Huko Amerika Kaskazini, jamaa yake, Homoeosoma electellum, bado ni tishio. Kiwavi mchanga hula kwanza chavua na vijiua, kisha, akishapata nguvu za kutoboa, huigeukia mbegu. Kwa hiyo ugumu unaopimwa siku ya mavuno hautoshi kutuambia lolote. La maana ni kama ganda limeshakaza siku kiwavi anapolifikia.

Upande wa pili, wa wanaotanguliza mafuta, una historia yake pia. Vasily Pustovoit, mtafiti wa mbegu za alizeti aliyefanya kazi Krasnodar, kusini mwa Urusi, alipandisha kiwango cha mafuta katika mbegu kutoka takriban theluthi moja hadi kufikia nusu, kwa sehemu kwa kupunguza uzito wa ganda, ambalo halina mafuta ya kutajika. Kenya, inayoagiza kutoka nje sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula, hasa ya mawese, haina sababu ya kurudisha uzito huo. Hata hivyo, unene si ugumu, na wanaozipinga mbegu za ganda gumu kwa kutaja mafuta pekee huchanganya mambo hayo mawili.

Pingamizi langu ni jingine. Ndege, ambao ni kero kubwa ya alizeti hapa kwetu, hupasua maganda ya mbegu za kukamuliwa bila taabu, na funza wa vitumba, Helicoverpa armigera, hutafuna hata nyama laini ya kichwa, ambayo hailindwi na ganda lolote. Ningeanza, basi, kwa kupima ugumu wa ganda la aina zilizopo kwa sindano iliyofungwa kwenye kipima nguvu, siku chache baada ya maua kuchanua, kabla ya kugharimia uzalishaji wa mbegu mpya.