Rangi Utapaka Lini?

Ukitaka kujua mtaa wako una mafundi wangapi, weka pikapu mbovu mbele ya nyumba. Datsun 1200 kuukuu, haina kioo cha mbele, imekaa juu ya matofali, basi kila apitaye ana lake la kusema. Muuza kahawa anajua gasketi. Ustadhi wa madrasa anajua kabureta. Hata mama wa viazi karai, mafuta yake yakichemka, atageuka kuuliza lile swali ambalo wote huishia nalo: "Sasa rangi utapaka lini?"

Rangi! Gari haina breki, ukiinua mpira wa sakafuni unaona mchanga wa uani, tangi limejaa kutu na petroli iliyogeuka gundi, na watu wanataka rangi. Tena nyekundu, ya kung'aa, waione Ijumaa wakitoka msikitini.

Mimi nasema, na anayetaka kununa anune: katika mji huu wa Mombasa rangi ndiyo kazi ya mwisho, na anayeanza nayo anafunika chumvi tu. Upepo unatoka baharini na chumvi yake. Ukipanda feri ya Likoni, tairi zinakanyaga maji ya bahari pale mlangoni. Ukirudi nyumbani ukasema uoshe gari, unachota maji ya kisima, na visima vingi vya huku maji yake hata chai huyakataa. Yaani unaosha chumvi kwa chumvi, kisha unajisifu. Chumvi hiyo ikibaki juu ya bati ukaipaka rangi, huvuta unyevu kupitia rangi yenyewe, na baada ya miezi unaona vilengelenge. Toboa kimoja kwa ukucha: ndani mna tone la maji ya kahawia, na chini yake bati limeanza kuliwa. Hapo mwenye gari anamlaumu fundi, fundi analaumu thina, muuza thina anasema hiyo ni hali ya hewa.

Kazi inaanza na nyundo ndogo na bisibisi kuukuu, si brashi. Unalala chini ya gari, unagonga chasi kidogo kidogo toka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinanyamaza, na kutu inakumwagikia usoni, kwa hivyo vaa miwani. Gonga zaidi pale springi za nyuma zinaposhikwa kwenye chasi, na nyuma ya magurudumu ya mbele ambako matope hujificha. Kisha bisibisi: chomeka chini ya milango, kwenye kizingiti, na kwenye kona za chini za kioo cha mbele. Ikizama, usimtazame muuzaji. Atakwambia tu, "Hiyo ni kutu ya juu juu, babangu." Ya juu juu! Bisibisi imetokea upande wa pili!

Na kabla ya kutoa hata shilingi, linganisha namba ya chasi na ya logibuku, herufi kwa herufi. Pikapu nzuri yenye karatasi za gari jingine ni banda la kuku.

Sasa kufungua. Karibu boliti zote za Datsun zinataka spana namba 10, 12, 14 na 17. Namba 13 imejaa tele ndani ya boksi, inang'aa, haina kazi. Namba 10 ndiyo inayohitajika kila dakika, na ndiyo inayopotea. Boliti iliyoshikwa na kutu usiivamie kwa hasira. Isugue nyuzi zake kwa brashi ya waya, itie mafuta ya kulegeza jioni, rudia asubuhi, kisha igonge kichwa kwa nyundo ili mafuta yapenye. Ukikosa ya dukani, changanya oili ya gia boksi ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, na utikise kila unapotumia maana havipatani. Ikikataa, ipashe moto nati, si boliti, ili nati itanuke. Lakini moto na asetoni mbali mbali, na moto karibu na tangi la petroli ni wazimu. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke. Litoe kabisa, lipeleke upande wa pili wa ua, kisha ndiyo uwashe gesi.

Kila kundi la boliti litie kwenye kopo lake uandike jina. Piga picha za waya kabla ya kuchomoa hata mmoja. Yuko fundi atakayekucheka, aseme yeye ana kila kitu kichwani. Mwisho wa kazi atabaki na boliti sita mkononi, atazame mbingu, aseme, "Hizi zilikuwa za ziada tangu kiwandani."

Kuchomelea ndiko kunakonitoa jasho hata kwa kuwaza. Bati la sakafu ya pikapu lina unene wa karibu milimita 1. Welda wa mtaani anakuja na mashine ya kutengenezea mageti, anawasha, na kile kitobo cha ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi kinakuwa dirisha. Bati jembamba linataka gesi au mashine ya migi (MIG), ile inayotoa waya wake yenyewe, na lishikizwe kwa vidoti: kimoja hapa, kingine kule mbali, upumzike, urudi katikati. Ukivuta mstari mmoja mrefu bati linapata joto na kupinda, na mlango uliokuwa unafunga haufungi tena. Chasi ni chuma kinene zaidi, hapo mashine ya mageti inafaa. Kabla ya yote chomoa tamino za betri, na kama kuna altaneta, chomoa waya zake pia.

Kisha kuna yule anayeziba sakafu kwa mabati ya kuezekea. Nasema kweli, mabati ya nyumba, geji 30, hayafiki hata nusu milimita! Yakichomwa hutoa moshi mweupe wa zinki unaokutia homa usiku, na ukikanyaga klachi kwa nguvu mguu unatua barabarani. Nunua bati jeusi la geji 18 au 20. Kata sehemu iliyooza mpaka ufike chuma kinachong'aa, kisha ndiyo utie kiraka. Kiraka kilichoshonwa juu ya kutu ni kuiwekea kutu shuka.

Injini? Injini ya gari hii ndiyo haina maneno mengi. Ni A12, cc 1171, hakuna kompyuta. Kama imekaa miaka na haizunguki, usipige stata na usiikubali ile fikra ya vijana wanne wa kusukuma. Toa plagi zote nne, tia vijiko viwili vya oili nyepesi katika kila silinda, uache siku mbili au tatu, kisha jaribu kuizungusha taratibu kwa spana kwenye boliti ya puli ya kranki. Ikisogea hata kidogo, shukuru Mungu, rudisha nyuma, songeza tena. Pointi za distribyuta ziache pengo la nusu milimita, mpango wa moto, yaani zamu za silinda kuwaka, ni 1-3-4-2, na pengo la valvu lipimwe injini ikiwa moto, liwe milimita 0.35. Ikitetema na kukohoa baada ya mtu "kuisaidia" tune, tazama waya za plagi kwanza. Mara nyingi msaidizi amebadilisha waya mbili.

Kinachonikera ni thamostati. Fundi akifika tu anaing'oa na kuitupa: "Mombasa kuna joto, hii ya nini?" Kazi yake ni kuyafungia maji mpaka injini ifike joto lake, karibu nyuzi 82, kisha iyafungulie njia. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto, inabugia petroli, na oili inafanya utelezi mweusi kama urojo. Kama gari inachemka, kosa liko kwenye rejeta iliyoziba. Imezibwa na nini? Maji ya kisima! Rejeta ipewe maji ya mvua au ya betri (yale safi, si asidi) pamoja na kulanti, nusu kwa nusu. Usiku wa masika weka beseni chini ya mfereji wa bati, utapata maji ya bure.

Breki ndizo za kwanza kurudi kwenye gari, hata kabla haijaweza kutembea. Datsun hii ina drami magurudumu yote manne, na wili silinda, zile za kusukuma breki ndani ya kila gurudumu, zikikaa bila kazi hushika kutu ndani. Nunua mpya kama zipo. Kama hazipo, toa pistoni, kagua ukuta wa silinda kwa ukucha: ukucha ukikwama, tupa. Badilisha mipira yote na paipu za mpira. Maji ya breki ni DOT 3 kutoka kopo ambalo halijafunguliwa, kwa sababu yanavuta unyevu wa hewa, na hewa ya huku unyevu wake unaujua. Lile kopo lililokaa wazi dirishani tangu mwaka jana ni la kumwaga. Atakayekwambia utie oili ya injini mfukuze, mipira itavimba na breki zitakwama. Kutoa hewa unaanza gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, yaani la nyuma kushoto, unamalizia la mbele kulia. Na hendibreki isiachwe kwa kusema "tutaweka jiwe." Nenda kasimame na jiwe lako pale mteremko wa feri, nyuma yako kuna tuktuk, mbele yako kuna bahari.

Haya, rangi. Nimefika, msinipigie kelele.

Kutu isugue mpaka chuma kionekane, vishimo vyeusi vilivyobaki vipake dawa ya asidi ya fosfori, kisha suuza. Suuza kwa maji gani? Hapa ndipo kazi za watu wengi hufia. Mwenye mkokoteni akileta madumu, usimuulize kama ni ya bomba, maana kila maji kwake ni ya bomba. Onja! Chovya kidole, weka ulimini. Ukisikia chumvi, hayo ni ya kufulia matambara. Suuza kwa maji matamu, kausha siku hiyo hiyo, na upake praima ya epoksi, ile rangi ya chini, kabla usiku haujaingia, kwa sababu chuma kitupu kikilala nje huku kinaamka kimevaa rangi ya chungwa. Ile praima nyekundu ya kawaida hupitisha maji. Gari iliyoachwa nayo wakati wa masika huoza ikiwa imevaa.

Puti ya kusawazishia bati isizidi milimita 3. Hadna, dawa ya kuigandisha, ni gramu 2 kwa gramu 100 za puti, na kwa joto letu changanya kidogo kidogo, itakugandia kwenye kibao kabla hujafika mlangoni. Msasa uanze 80, kisha 180, 320, na 600 kabla ya rangi. Na jamani, mlango una vitobo vidogo chini kabisa vya kutolea maji ya mvua. Wako wanaoviziba kwa puti ili mlango upendeze! Maji yanakaa ndani, mlango unaoza toka tumboni, na wao wanashangaa. Vifungue kwa msumari kila ukimaliza kupaka.

Kupaka kwenyewe ngoja kaskazi, Januari au Februari, wakati mvua haipo. Siku yenye unyevu mwingi rangi ya thina hutoka na ukungu mweupe juu yake. Mwagia maji uani vumbi litulie, na usipake chini ya mwarobaini. Rangi ya hadna ina sumu ya kushika mapafu, kitambaa cha pua hakisaidii kitu. Tafuta barakoa ya makopo yenye kaboni, na watoto waende kwa shangazi yao.

Ikikauka na ikang'aa, usidhani umepumzika. Atakuja jirani, tena yule aliyekuwa akikucheka, na salamu ndefu za kuulizia mpaka wazee wa Lamu. Anataka kuhama. Kitanda, friji, kabati la vyombo, "na mifuko michache ya simiti, ishirini tu." Mfuko ni kilo 50. Ishirini ni tani moja, na springi za Datsun hii ni za nusu tani. Mwambie ni mifuko kumi, safari mbili, na petroli ni yake, ilipwe kabla friji haijapakiwa.