Kata ya Diwani Ilivyomaliza Ndevu Zangu

Saluni ninayonyolea hapa Tanga ina benchi moja na gazeti moja, na ukurasa unaogombewa si wa michezo, ni wa chemshabongo. Jumamosi hiyo gazeti lilikuwa limekamatwa na mwalimu mmoja mstaafu. Pembeni yake alikaa kijana wa bodaboda, mgeni kutoka bara.

"Mlalo, 7," mwalimu akasoma. "Yuko mtini, na kwenye sambusa yumo. Herufi nne."

Kimya. Mwalimu akajijibu mwenyewe: "Kima!"

"Mwalimu, huku mnakula nyani?"

Benchi zima likaangua kicheko. Ikabidi kijana aelimishwe kwamba watu wa pwani nyama ya kusaga wanaiita kima, na haihusiani kabisa na yule wa mtini. Hakuridhika. Akadai tangu afike ameshakula sambusa nyingi, na sasa anataka kujua zilikuwa za kima yupi.

Mimi namlaumu Arthur Wynne, yule Mwingereza aliyechapisha fumbo la kwanza la namna hii katika gazeti la New York World, Desemba 21, 1913. Angejua litafika kwenye lugha ambayo paa yuko mbugani, paa liko juu ya nyumba, na samaki naye hupaawa magamba, angetafuta kazi nyingine.

Wakati huo nimelazwa kitini, taulo la moto machoni, usingizi unaninyemelea. Ndevu zangu ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kunipa heshima mtaani. Kinyozi akawasha mashine, akauliza, "Kaka, hizi ndevu tunachonga au tunakata?"

Kabla sijafumbua mdomo, mwalimu akadakia huko benchini: "Kushuka, 7 hiyohiyo, inaanza na K. Diwani anayo, na ya kuchotea maji mtungini ipo. Nne."

"Kata!" kijana akaruka. "Kata! Kata!"

"Kata, haina ubishi," mwalimu akathibitisha.

Mashine ikateremka kutoka sikioni hadi kidevuni.

Nikakurupuka, nikapapasa shavu. Jeupe.

"Nani kakwambia ukate?"

"Nimesikia kata mara nne, kaka."

"Hiyo ni ya diwani," mwalimu akasema bila kuinua macho, huku akijaza T.

Kinyozi akatafakari kidogo. "Basi upande wa diwani umeshakwisha. Tumalizie na huu wa pili, usitembee nusu." Akanipaka povu, akafungua wembe mpya, akaninyanyua kidevu.

"Mlalo, 11. Waridi ni mojawapo, na kuku hufugwa humo. Herufi mbili."

Safari hii benchi zima lililijua jibu, na wembe ulikuwa kooni kwangu.

"UA!"

Nilipopata fahamu nilikuwa barabarani, kitambaa cha saluni shingoni, povu shavuni, na kijana wa bodaboda ananifuata nyuma akipiga honi: "Bosi, panda!"

Nikamuuliza kwanza, ni panda ipi hiyo.