Setilaiti Ilishuka, Nauli Bado

Kila tarehe 14 ya mwezi mimi hupata homa. Si malaria, nishapimwa. Ndiyo siku EPRA, mamlaka ya serikali ya kusimamia nishati Kenya, wanatangaza bei mpya ya mafuta, ianze kutumika saa sita ya usiku. Mama watoto akiniona nimebandika sikio kwenye redio huniuliza, "Kwani una gari wewe?" Sina. Hata pikipiki sina. Nina cherehani ya kukanyaga kwa miguu, na tangu izaliwe haijanusa petroli. Lakini nyumba yangu iko Muyeye hapa Malindi, kibanda changu cha ushonaji kiko karibu na soko, na wateja wengine wako Gede na Watamu. Kwa hivyo mafuta ya gari la mwenzangu mlipaji ni mimi.

Bei ikipanda saa sita ya usiku, saa kumi na mbili asubuhi nauli nayo ishapanda. Kwa kasi hiyo nawapa heko. Yale mafuta yaliyo ndani ya tangi yalinunuliwa jana kwa bei ya jana, lakini makanga atakwambia bila kupepesa, "Mzee wangu, kwani hukusikiza redio?" Kumbe redio anayo! Sasa ngoja bei ishuke, uone redio hiyo inavyoharibika.

Septemba 2023 petroli ilifika shilingi 211.64 kwa lita pale Nairobi. Tuliumia sote, sibishi. Julai ya mwaka huo huo kodi ya VAT kwenye mafuta ilikuwa imeshatolewa asilimia 8 ikapelekwa 16. Nauli ikapanda, nikalipa, nikamwachia Mungu. Ikaja Oktoba 2024, lita ile ile ikawa 180.66. Toa mwenyewe: shilingi 30 na senti zake zimekwenda zao. Asubuhi hiyo nilifika steji na tabasamu kama mtu anayekwenda kupokea mahari ya bintiye. Nikamwambia makanga, "Mwanangu, mafuta yameshuka."

Akaniangalia kwa huruma. "Mzee, hiyo ni bei ya Nairobi."

Jamani! Yakipanda, yamepanda Kenya nzima mpaka Malindi. Yakishuka, yameshuka Nairobi. Na meli za mafuta hazifungi gati Nairobi! Zinateremshia Kipevu, Mombasa, mwendo wa kilomita kama 120 kutoka hapo niliposimama, na kwenye orodha ya EPRA Mombasa ndiyo huwa na bei ya chini kushinda miji mingine. Nilimfafanulia yote hayo, nikitaja na Kipevu. Akasema, "Mzee, ingia au shuka, umeziba mlango."

Nikaingia. Ningefanyaje, nina mapazia ya watu mkononi.

Kuna kitu hunikera zaidi nikipita njia ya Mambrui. Huko mbele, Ngomeni, Waitaliano walijenga majukwaa baharini wakawa wanarusha setilaiti kuanzia 1967. Tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa moja ya Wamarekani, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru, ikapewa jina Uhuru. Ikakaa huko juu ikizunguka dunia na kuchungulia miale ya nyota, hata 1979 ikarudi chini. Kitu kilichoyapita mawingu, kikaona mambo ambayo sisi hatutayaona, kikashuka! Nauli ya Watamu haijawahi hata kutoka kwenye lami, lakini neno kushuka haijalisikia.

Na msinipe hadithi ya mafuta peke yake. Mwaka 2020 wakati wa korona gari la abiria 14 liliambiwa libebe 8. Nauli ikapanda, na hapo kwa kweli walikuwa na haki, viti vimekaa vitupu. Agosti 2021 ruhusa ikatoka, jazeni viti vyote. Wakajaza. Nauli ya watu 8 tukaendelea kuilipa tukiwa 14, na wa 15 ameinama mlangoni makalio yake yakiwa usoni kwangu, na mtoto wa mtu nimepakatishwa bila kuulizwa. Huyo mtoto naye hujui atalipiwa au hatalipiwa mpaka mfike. Siku ya kawaida ni mtoto wa kupakatwa. Siku ya Idd anageuka mtu mzima.

Sheria nazo zinajua kuchagua. Zile za matatu za 2004, za Michuki aliyekuwa waziri wa uchukuzi, mimi nazikumbuka kwa sababu zilinilisha. Zilitaka mikanda, mstari wa manjano ubavuni, kidhibiti mwendo kisizidi kilomita 80 kwa saa, na sare. Nilishona sare za makanga rangi ya maruni mpaka nikifumba macho naona maruni. Serikali ilifikiria shati la makanga! Ila nauli iwe ngapi, hapo wakamwachia mwenye gari na sako yake, yaani chama cha wenye magari, wajipangie. Shati nimelishona mimi, na aliyelivaa ndiye anayeniambia, "Lipa au shuka."

Halafu kuna sababu zisizohusiana na mafuta hata kwa udugu wa mbali. Mvua ikinyesha, nauli juu. Nauliza, gari linakunywa maji? Wanasema barabara mbovu. Jua likiwaka barabara ni ile ile, mashimo ni yale yale. Skuli zikifunguliwa, juu. Krismasi, juu. Usiku, juu, eti giza. Giza ametia dereva?

Tuktuk nazo zina kisa chake. Hapa kwetu vijana wa tuktuk wanasema Kitaliano kuliko watoto wanavyosoma sura zao za chuoni. Wamezoea wageni, na bei ya mgeni wanayo mfukoni tayari. Juzi nimetoka kwa mteja upande wa Casuarina, nimevaa shati safi na kofia ya ukili ya kujikinga jua. Kijana akasimamisha. "Ciao!" Nikajua nimekwisha. Akataja bei ambayo kwa hiyo ningenunua tairi moja ya hiyo tuktuk. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi ni wa Muyeye, babako namjua." Akacheka, akapunguza kidogo, akaniuliza kama nitapita mnara wa Vasco da Gama. Nipite nifanye nini? Vasco mwenyewe alipofika hapa 1498 Malindi walimpa rubani wa kumfikisha India, na upepo ukawa wa bure. Mimi mwenye mji nashindwa kufika sokoni.

Lakini donda ndugu ni chenji. Mnazijua sarafu zetu mpya, zile za tangu 2018: twiga ni shilingi 1, kifaru 5, simba 10, ndovu 20. Nauli ile ya zamani nilikuwa natoka nyumbani na ndovu wawili na simba mmoja, nafika. Ikapanda, wakataka ndovu watatu na simba. Sasa wameweka kifaru juu yake. Kwa nini kifaru? Kwa sababu hawana wa kukurudishia! Ukitoa ndovu wanne, makanga anapekua mfuko wa kushoto, wa kulia, anamuuliza dereva, dereva anaangalia dirishani kana kwamba mto Galana umefurika. "Mzee, kifaru hakuna, nitakupa ukishuka." Nikishuka, gari lishaondoka. Nimeishi Malindi miaka yote hii, geti la Sala la kuingilia mbuga ya Tsavo tunalijua, na sijawahi kuambiwa vifaru wameisha Tsavo. Kwenye matatu wameisha zamani.

Nikasema nilipe kwa simu, nimalize udhia. Makanga akanipa nambari, nikatuma nauli kamili. Akatazama simu yake, akaguna: "Na ya kutolea je?" Nikamwuliza kwani mimi nikikupa pesa taslimu nakupa na ya kununulia pochi?

Haya, tusiwaonee. Makanga ana hesabu ya tajiri kila jioni, apate abiria asipate. Kuna spea, kuna mkono wa njiani ambao mimi na wewe tunaujua na hatutautaja. Yule kijana halali nazo zile pesa. Hayo nayajua, na kila nikishalipa huwa simchukii tena mpaka kesho asubuhi.

Ila mwenzenu ni fundi. Uzi ukipanda bei, mimi simwambii mteja, "Hukusikiza redio?" Nikiongeza shilingi 50 kwenye suruali, atakaa kwenye benchi langu saa nzima akinikumbusha nilivyomshonea mwaka jana, na mwaka juzi, na marehemu babake. Atanipa nusu, nyingine "nitaleta Ijumaa." Sasa nawaza siku moja nipande gari, nifike Gede, nimpe makanga nusu, nimwambie nyingine nitaleta Ijumaa. Mama watoto amesema nikifanya hivyo nimwachie simu kabisa, asije akaulizwa hospitali mimi ni nani.

Kwa hivyo natafuta baiskeli. Mwenye baiskeli kuukuu yenye keria imara, isiyo na neno, aje nayo kibandani tuongee bei. Kupatana najua. Ila atakayefungua mdomo aniambie imepanda kwa sababu ya mafuta, nitamfukuza na futi yangu mpaka daraja la Sabaki.