Gari lenye geji mbili

Novemba 1947, nje ya San Diego, gari liliishiwa mafuta. Kwa gari la kawaida hilo si jambo: unalisukuma pembeni, unapanda bodaboda na dumu lako, unarudi. Hili lilikuwa angani. ConvAirCar ya kampuni ya Convair ilikuwa gari dogo lililofungwa bawa na injini ya ndege juu ya paa, kwa hiyo ilikuwa na geji mbili za mafuta, moja ya barabarani, nyingine ya angani. Inasimuliwa kwamba rubani alitazama ile ya gari, akaridhika, akapaa. Yeye alipona. Gari halikupona.

Kila video ya gari la kuruka inaponifikia kwenye simu, nazikumbuka geji zile. Si kwa kejeli tu, maana mashabiki wa magari haya wana ushahidi mkononi. Moulton Taylor alirusha Aerocar yake mwaka 1949, na 1956 serikali ya Marekani ikaipa kibali; likiwa barabarani, gari lilikokota mabawa yake nyuma kama tela. Juni 2021, AirCar ya Stefan Klein, yenye injini ya BMW, iliruka kutoka Nitra hadi Bratislava, Slovakia, kwa dakika 35, ikakunja mabawa kwa muda usiofika dakika tatu, ikaingia mjini kwa magurudumu. Anayesema haiwezekani amechelewa.

Ila kuwezekana ni kimoja, kufaa ni kingine. Dakika 35 hizo ni za uwanja wa ndege hadi uwanja wa ndege. Ongeza mwendo wa kufika uwanjani, ukaguzi kabla ya kuruka, na siku ambayo mawingu yamekataa. Na tabu kubwa iko kwenye chombo chenyewe. Gari linataka bampa, milango migumu, springi za kuhimili mashimo. Ndege inaona uchungu kwa kila kilo. Halafu fikiria umeegesha sokoni, mtu anakugusa kwa nyuma, anashuka: "Samahani bosi, ni rangi tu." Kwenye gari ni rangi kweli. Kwenye kitu kitakachokuning'iniza hewani, huruki tena mpaka fundi wa ndege amekipitia. Henry Smolinski alijaribu njia ya mkato, akalifunga gari dogo la Ford Pinto mabawa na mkia wa Cessna, ndege ndogo. Septemba 1973, California, mhimili wa bawa ulichomoka wakiwa juu. Alikufa pamoja na mwenzake Harold Blake.

Ndiyo maana nawaamini zaidi wanaouza kitu cha kuchezea na kukiita hivyo. Chombo cha kuruka cha Jetson ONE kina kiti kimoja, propela nane na betri ya dakika 20 hivi. Hakijidai gari. Nchini Marekani kinaangukia kwenye Part 103, kanuni ya 1982 ya vyombo vyepesi: uzito usiofika kilo 116 bila mtu, abiria hakuna, burudani tu, leseni haidaiwi. Kiruke mchana, na kisipite juu ya makazi yaliyosongamana. Kwa lugha ya kwetu huo ni ungo, tofauti ni kwamba wa kwetu huruka usiku.

Wanaoitetea kanuni hiyo husema atakayeumia ni mwenyewe, na kwa sehemu kubwa nakubaliana nao. Hata hivyo mwenye ng'ombe upande wa pili wa ua hakuulizwa kuhusu kelele, na kumpa chombo mtu ambaye hajafundishwa hata nusu saa ni kuuamini mno uungwana wake. Kuna na jingine. Bei ya mwanzo ya Jetson ONE ilikuwa dola 92,000, na wenye fedha hizo wengi wanaishi mjini, ambako hakiruhusiwi kuruka. Barabarani nako hakitembei. Basi Jumamosi asubuhi mnunuzi atakipakia kwenye tela na kukikokota hadi shambani kwa gari la kawaida, lenye geji moja.