Baridi ya Texas na barafu ya Aktiki: kipi kimesababisha kipi?

Februari 2021 joto la Dallas, mji wa jimbo la Texas nchini Marekani, lilishuka hadi nyuzi 19 chini ya sifuri. Mamilioni ya nyumba za Texas zilikosa umeme, na serikali ya jimbo ikaja kuhesabu vifo 246. Maelezo yaliyoenea upesi ni kwamba barafu ya bahari ya Aktiki, kwenye ncha ya kaskazini ya dunia, inayeyuka, kwa hiyo baridi ya huko inaponyoka na kushuka kusini.

Kuyeyuka hakuna anayekubishia kwa hoja ya maana. Miaka ya 1980, kila Septemba barafu ilipofikia kiwango chake cha chini, zilibaki kilomita za mraba zipatazo milioni 7. Mwaka 2012 zilibaki milioni 3.4.

Ugomvi uko kwenye hiyo "kwa hiyo". Wanasayansi wa hali ya hewa Jennifer Francis na Stephen Vavrus walieleza mwaka 2012 kwamba bahari isiyo na barafu hufyonza jua wakati wa kiangazi, kisha vuli ikalirudisha joto hilo hewani. Tofauti ya joto kati ya ncha na maeneo ya kusini yake hupungua, na tofauti hiyo ndiyo inayoupa nguvu mkondo wa upepo wa juu uvumao kutoka magharibi. Ukilegea, hujipindapinda kama mto uliofika tambarare, na kwenye pindo baridi huteremka. Judah Cohen na wenzake wakaihusisha baridi ya Texas yenyewe na mabadiliko ya Aktiki, yanayovuruga mzunguko wa upepo ulio juu zaidi, kwenye stratosfia, tabaka la hewa lililo juu ya lile la mawingu na mvua.

Hoja ni nzuri, vipimo vinaisumbua. Mipindo iliyodhaniwa kuongezeka haikuendelea kukua baada ya mwanzo wa miaka ya 2010, ingawa barafu haikurudi. Russell Blackport na James Screen walionyesha mwaka 2019 kuwa upepo uleule unaopeleka joto Aktiki na kupunguza barafu ndio unaosukuma baridi kusini. Vinatokea pamoja, lakini kimoja hakikumzaa mwenzake. Hapo ndipo ninapoegemea, kwa sababu Dallas ilifika nyuzi 22 chini ya sifuri Februari 1899, Aktiki ikiwa imejaa barafu.

Lakini hilo halimpi haki Seneta James Inhofe, aliyeingia na bonge la theluji bungeni mwaka 2015 kukejeli ongezeko la joto duniani. Majira ya baridi ya Marekani kwa jumla yanazidi kuwa na joto, na siku za baridi kali zinapungua.

Kwa Texas, jibu la mabishano haya lisingebadili mengi. Baridi ya Februari 2011 ilikwisha kuzima mitambo ya umeme, na wakaguzi wa serikali kuu wakashauri mitambo na visima vya gesi vikingwe. Sehemu kubwa ya kazi hiyo haikufanywa.